Kitanda Usichokilalia: Raha ya Vazi na Ushahidi wa Mwili katika Mtaa wa Makongeni

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulisoma vazi kama ishara. Kanzu husomwa kama alama ya dini au ya ustaarabu wa pwani, suti kama alama ya tabaka lililorithi kiti cha mkoloni, kaniki kama alama ya utumwa na ufukara, na leso kama waraka unaotembea. Usomaji huo umezaa matunda mengi na hauna haja ya kubezwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu huupita. Kabla vazi halijawa ishara kwa mtazamaji, huwa limekwisha kuwa mguso kwa mvaaji. Linabana au linalegea, linawasha au linatuliza, linampa mtu nafasi ya kupumua au linamnyima. Mguso huo haufanani kwa watu wawili. Shati lilelile lililoshonwa na fundi mmoja kwa kitambaa kimoja huweza kumstarehesha ndugu mmoja na kumtesa mwingine.

Makala haya yanadhamiria kuichunguza tofauti hiyo kama suala la maadili. Swali linaloulizwa ni hili: mtu anaposema kwamba nguo fulani haimpi raha, kauli hiyo ina uzito gani mbele ya wengine? Je, ni deko tu la kupuuzwa, au ni ushahidi unaomwajibisha msikilizaji? Hoja inayotetewa ni kwamba mvaaji ndiye shahidi wa pekee wa raha ya vazi lake. Jamii inaweza kuwa na sababu nzuri za kudai vazi la namna fulani, lakini sababu hizo haziipi mamlaka ya kumkanusha shahidi huyo. Tena, pale panapotokea mvutano, mzigo wa kutoa sababu unapaswa kubebwa na anayeshurutisha, wala si anayelalamika.

Mtaa wa Makongeni, katika Mashariki ya jiji la Nairobi, umeteuliwa kuwa uwanja wa uchunguzi huu kwa kuwa historia yake imezikutanisha aina tatu za mavazi zenye uhusiano tofauti na mwili wa mvaaji: sare, leso na mtumba.

Neno na dhana

Kiswahili kina msamiati tele wa kuelezea mapatano na mafarakano baina ya mtu na nguo yake. Nguo humkaa mtu, humfaa, humpwaya, humbana, humkera, humwasha. Mtu aliyezidiwa na fahari ya vazi lake husemwa kwamba nguo ndiyo iliyomvaa. Ni muhimu kuona kwamba katika semi hizi nguo ndiyo kiima na mtu ndiye anayetendwa. Lugha inakiri kwamba vazi lina nguvu juu ya mwili.

Kwa madhumuni ya mjadala, raha ya vazi inaweza kugawika katika matabaka matatu. La kwanza ni raha ya ngozi: mguso wa uzi, mshono, kola na lebo, pamoja na joto na jasho. La pili ni raha ya mwendo: uwezo wa kuinama, kuinua mkono, kupanda ngazi au kubeba mtoto bila ya nguo kuwa kizuizi. La tatu ni raha ya nafsi: utulivu wa mtu anayejiona yuko sawa mbele ya macho ya wengine na mbele ya dhamiri yake. Matabaka haya huingiliana, lakini hayalingani. Katika enzi ya ukoloni, askari polisi wa Kiafrika nchini Kenya, watu wazima wenye wake na watoto, walivalishwa kaptula. Kwa hesabu ya ngozi na mwendo, kaptula ni vazi jepesi lisilo na adha katika jua. Kwa hesabu ya nafsi, lilikuwa vazi la mvulana juu ya maungo ya mzee. Anayeuliza tu kama kaptula ile ilikuwa ya starehe hajauliza swali kamili.

Hapa ndipo methali zinapotoa mwanga. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena wakasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hizi hutajwa sana katika kuwaonya watu wasihukumu shida za wenzao, lakini ndani yake mna nadharia ya maarifa. Zinadai kwamba kuna aina ya ujuzi isiyoweza kupatikana kwa kutazama, ambayo mlango wake ni mmoja, nao ni mwili wa mwenye kupatikana na jambo. Elaine Scarry, katika kitabu chake *The Body in Pain* (1985), alifika karibu na hapo alipoeleza kwamba kwa mwenye maumivu, maumivu ndiyo yakini isiyo na shaka, ilhali kwa anayesimuliwa, maumivu ya mwenzake ndiyo mfano mkuu wa jambo linalotiliwa shaka. Adha ya vazi ni ndogo ikilinganishwa na maumivu aliyoyazungumzia Scarry, lakini umbo lake ni lilo hilo. Mmoja anajua, mwingine anaambiwa, na aliyeambiwa ndiye mara nyingi mwenye uwezo wa kuamua.

Makongeni: sare, leso na mtumba

Jina la Makongeni, kwa umbo lake, ni mahali pa makonge. Ni jina la kufaa kwa mjadala wa nguo, maana konge ni mmea wa nyuzi ambazo watu huzisokota kamba na kuzifuma magunia, lakini hawazishoni shati. Mtaa wenyewe ulijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, kusini mwa barabara iitwayo leo Jogoo, jirani na Kaloleni na Mbotela, si mbali na karakana na Eneo la Viwanda. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kandokando yake. Mfanyakazi aliyetoka Nyanza, Magharibi, Ukambani au Pwani alipewa kazi, na pamoja na kazi akapewa nyumba na vazi. Vyote vitatu vilikuwa vya mwajiri. Aliyeacha kazi aliacha vyote.

Sare ya kazi ndiyo aina ya kwanza ya vazi katika mtaa huu. Sifa yake kuu ni kwamba huja kabla ya mwili. Ipo kwanza kama orodha ya vipimo bohari, kisha mtu hutafutwa wa kuingizwa ndani yake. Ina faida zisizokanika: humkinga fundi dhidi ya oili na cheche, humtambulisha, na humwondolea gharama. Aidha, iliwapa wengi fahari, maana kitambaa cha reli kilikuwa ushahidi wa mshahara wa kila mwezi. Lakini sare haiulizi. Kola ngumu itakwaruza shingo zote, na shingo nyingine zitasahau ifikapo saa nne asubuhi, ilhali nyingine zitaikumbuka hadi jioni.

Aina ya pili ni leso, ambayo kwingine huitwa kanga. Historia yake katika pwani imeelezwa na watafiti wengi, akiwemo Laura Fair katika *Pastimes and Politics* (2001), anayeonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani Zanzibar walivyoitupa kaniki na kuishika kanga kama dai la uraia na heshima. Katika uhakiki, kinachozingatiwa zaidi ni jina la leso, yaani maandishi yake. Pindo na mji wake hutajwa kwa nadra, na jinsi inavyokaa mwilini haitajwi kabisa. Hali leso ni vazi la ajabu kwa sababu halina kipimo. Halina mkono, kola, kifungo wala mshipi. Mama wa Makongeni aliyejifunga leso juu ya gauni ili afue, kisha akaifungua akambeba mtoto mgongoni, kisha akajitanda begani kwenda kuhani msiba kwa jirani, alikuwa amevaa nguo tatu katika kipande kimoja. Kukaza au kulegeza lilikuwa jambo la vidole vyake mwenyewe, wakati wowote, bila ruhusa. Ikiwa sare ni vazi linalodai mwili uifuate, leso ni vazi linaloufuata mwili.

Aina ya tatu ni mtumba. Baada ya biashara ya nguo kulegezwa masharti mwanzoni mwa miaka ya 1990, soko la Gikomba, ambalo mkazi wa Makongeni aliweza kulifikia kwa miguu, lilifurika marobota kutoka ng'ambo. Athari zake za kiuchumi zinafahamika. Viwanda kama KICOMI cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret viliporomoka, na hiki cha pili kikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikusudia kuikomesha mitumba kufikia 2019, na Kenya ikajitoa katika azimio hilo mwaka 2017. Mjadala wote huo umeendeshwa kwa lugha ya ajira, ushuru na heshima ya taifa, na ni sawa uendeshwe hivyo. Ila umeacha nje sababu moja iliyomfanya mnunuzi ainame juu ya rundo. Katika rundo hamna nguo mbili zinazofanana. Mnunuzi hupitisha kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada, hugeuza ndani nje atazame mishono, hujaribisha juu ya nguo aliyovaa. Kwa kufanya hivyo anauuliza mwili wake swali ambalo bohari ya sare haikuwahi kuuuliza. Tena nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi huwa imelainika. Kisha iko cherehani ya fundi aliyeketi barazani, ya kupunguza kiuno, kufungua kwapa, kuondoa kola.

Si kusudi la makala haya kuutukuza mtumba, ambao ni mabaki ya shibe ya wengine. Linalodaiwa ni kwamba mtu mwenye kipato kidogo alipopata nafasi ya kuchagua, hakuchagua kwa macho peke yake. Vidole vilitangulia.

Je, raha ni mazoea tu?

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito. Litasemwa kwamba raha ya vazi si neno la mwili bali ni neno la mazoea. Adam Smith, katika *The Wealth of Nations* (1776), alitoa mfano wa shati la kitani. Wayunani na Warumi, alisema, waliishi kwa starehe bila kitani, lakini katika Ulaya ya zama zake hata kibarua angeona haya kutokea hadharani bila shati hilo. Kwa hiyo raha hufundishwa. Na kama hufundishwa, anayelalamika hana budi kufundishwa zaidi mpaka azoee.

Fasihi ya Afrika Mashariki ina jibu lake. Katika *Song of Lawino* (1966) ya Okot p'Bitek, ambayo Paul Sozigwa aliifasiri kwa Kiswahili kama *Wimbo wa Lawino* (1975), msemaji anawacheka wanaume wa Kiafrika wanaojifunga suti nzito za sufu katika kilele cha kiangazi. Wahakiki wamekisoma kicheko hicho kama mashambulizi dhidi ya kasumba, na ndivyo kilivyo. Lakini mantiki yake huanzia kwenye jasho. Lawino hasemi tu kwamba suti ni ya kigeni; anaonyesha kwamba mwili wa mvaaji unamsuta. Mtu yule amejizoeza kuonekana ametulia ndani ya adha, na mazoea yake hayakuigeuza adha kuwa raha, yameifunika. Muhimu zaidi, Lawino hadai kwamba mila za Wazungu ni mbaya kwa wenyewe. Anachokataa ni kudharau kilicho chake. Huo ni msimamo wa kimaadili unaoruhusu tofauti.

Zaidi ya hayo, mazoea hayana nguvu sawa juu ya miili yote. Watafiti wa nguo wamebainisha kwamba kuwasha kwa sufu, kwa sehemu kubwa, hakutokani na mzio bali na ncha za nyuzi nene, zile zenye kipenyo kinachozidi takriban mikroni 30, ambazo hazipindi zinapokutana na ngozi bali huichoma na kuziamsha neva za maumivu. Watu hutofautiana katika wepesi wa kuihisi michomo hiyo. Kwa baadhi ya watu wenye usonji, mguso wa kitambaa au mshono huweza kuwa karaha isiyovumilika, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani umeitaja hali hiyo ya hisi kuwa miongoni mwa vigezo vya kuutambua usonji. Mtoto wa namna hiyo haambiwi "utazoea" kwa faida yake. Anaambiwa hivyo kwa faida ya utulivu wa msemaji.

Basi hata kama raha nyingi hutokana na mazoea, asili ya hisia haifuti ukweli wa hisia. Lugha nayo hutokana na mazoea, wala hakuna asemaye kwamba mtu anaweza kupokonywa lugha yake bila hasara kwa kuwa aliipata kwa kujifunza.

Ushahidi usio na cheti

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 27, inaorodhesha mavazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, sambamba na dini, utamaduni na lugha. Ni neno dogo katika orodha ndefu, lakini ni zito. Hata hivyo, mashauri yanayofikishwa mahakamani huonyesha ni aina gani ya malalamiko yenye kusikika. Shauri la wanafunzi wa Kiislamu wa shule moja ya kutwa ya Isiolo, waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, lilipanda ngazi zote za mahakama. Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Januari 2019 kwa misingi ya utaratibu wa kuwasilisha madai. Bila kujali upande wa mtu katika shauri hilo, jambo moja li dhahiri: wanafunzi wale walisikilizwa kwa sababu kutoridhika kwao na sare kulikuwa na jina. Jina hilo lilikuwa dini.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi wa Makongeni katika asubuhi ya Julai, mwezi ambao baridi ya Nairobi huingia mifupani, maana jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Amevaa sweta ya sare. Anaihitaji, kwa kuwa baridi ni kali. Na haivumilii, kwa kuwa inamwasha shingoni na viwikoni. Hana aya ya kuitaja, hana mila ya wazee, hana barua ya daktari. Ana ngozi yake tu. Akiivua ataulizwa sweta iko wapi. Akisema inamwasha ataambiwa kwamba wenzake arobaini wameivaa na hawajasema neno. Hoja ya wenzake arobaini ndiyo inayopaswa kupimwa hapa. Inachukua ukimya wa miili arobaini kuwa ushahidi juu ya mwili wa arobaini na mmoja. Kwa mujibu wa methali iliyotajwa, huko ni kuwauliza waliolala vitanda vingine habari za kunguni wa kitanda hiki.

Kwa hiyo inabainika kwamba jamii imejiwekea daraja la malalamiko. Juu kabisa ni adha yenye dini, kisha adha yenye mila, kisha adha yenye cheti cha hospitali. Chini kabisa, penye kicheko, ni adha tupu ya mtu anayesema tu kwamba nguo hii hainipi raha. Daraja hilo linaeleweka kwa mtawala, kwa sababu linampa njia ya kuwachuja waongo. Lakini kwa mizani ya maadili lina kasoro, maana dini, mila na cheti vinaheshimiwa hapa kwa kuwa vinasema kwa niaba ya mtu anayehisi. Itakuwa kinyume cha mambo ikiwa mwakilishi atasikilizwa na mwenye neno afukuzwe mlangoni.

Stara na jicho la mtazamaji

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Vazi, litasemwa, haliko mwilini tu. Liko pia barabarani. Mtazamaji naye ana hisia zake, na jamii ina haki ya kudai stara. Pingamizi hili lina nasaba ndefu katika fasihi ya Kiswahili. Katika utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, binti anausiwa ajipambe nyumbani, na akiwa njiani asijifunue. Mavazi mawili, mahali pawili, macho ya namna mbili. Mhimili wa mawaidha hayo ni radhi ya mume, na kwa upana zaidi, radhi ya walio juu. Raha ya anayejipamba na kujifunika haiwi swali.

Stara ni thamani ya kweli. Hata hivyo, historia inaonyesha jinsi inavyogeuka kuwa jambo jingine mkononi mwa mtazamaji. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kuzipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mafuta ya kujichubua kuanzia Januari 1969, na hata kabla ya siku hiyo wasichana walishambuliwa mitaani Dar es Salaam. Ali Mazrui aliitafakari misukosuko ya aina hiyo katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu mavazi, jinsia na siasa barani Afrika. Zaidi ya miongo minne baadaye, Novemba 2014, wanawake walivuliwa nguo hadharani Nairobi na makundi ya wanaume waliodai kwamba wamevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo waandamanaji walitoka Uhuru Park wakidai kwamba nguo ya mwanamke ni uamuzi wake. Waliowapinga wakajibu kwamba uchi si uamuzi. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limeifanya jinai ya kumvua mtu nguo kuwa kosa bayana katika Kanuni ya Adhabu.

Tukio hilo linadhihirisha mkanganyiko ambao nadharia ya stara haijautatua. Kusudi la stara ni kusitiri. Aliyedai stara kwa kuvua alikuwa amekwisha kuiacha stara na kubaki na amri tupu. Mvuliwa nguo huchutama, husema wahenga, na aghalabu methali hiyo hutolewa kumnasihi aliyefedheheshwa asizidishe fedheha yake. Inafaa isomwe pia kwa upande wa pili. Mwili unaochutama unasema jambo, na wanaosimama kandokando wana wajibu wa kusikia kinachosemwa.

Kwa hiyo jibu kwa pingamizi hili si kwamba mtazamaji hana haki. Jibu ni kwamba adha ya mtazamaji na adha ya mvaaji si mapacha. Mtazamaji anaweza kugeuza uso, kupita njia nyingine, au kuzungumza na dhamiri yake. Mvaaji hawezi kuihama ngozi yake. Asiyeweza kuondoka ndiye anayestahili kusikilizwa kwanza. Na pale jamii inapoona ni lazima kudai vazi fulani, kwa usalama wa karakana, kwa usafi wa hospitali, kwa heshima ya msiba, basi na itoe sababu inayolingana na dai lenyewe, na iache nafasi ya marekebisho kila inapowezekana. Sweta inaweza kubaki na rangi ya shule na kuwa ya pamba. Kola inaweza kuwa laini na mtu akaendelea kuwa mfanyakazi wa reli.

Vazi na mvaaji katika uhakiki: mfano wa Wariinga

Mtazamo huu una faida gani kwa usomaji wa fasihi? Mfano mmoja utatosha. Riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, na kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani* mwaka 1982, inaanza na mhusika aliyefukuzwa chumbani mwake Ofafa Jericho, mwendo mfupi kutoka Makongeni. Wariinga huyu wa mwanzo ni mtu asiyekuwa na amani na umbo lake. Anajichubua ngozi, anazichoma nywele, anaona haya kucheka, na nguo zake hazimkai kwa kuwa huzichagua kwa kuwaiga wengine. Wariinga wa sehemu ya pili, miaka miwili baadaye, anasomea uhandisi na kufanya kazi gereji. Sasa nguo zake, za kazi na za kutokea, zinamkaa.

Usomaji wa ishara huona hapa safari kutoka kasumba hadi ukombozi, na usomaji huo ni sahihi. Lakini ukikomea hapo unashindwa kueleza kwa nini mwandishi hakutosheka kumvika Wariinga vazi moja la kimapinduzi. Anamvika suruali, anamvika nguo za gereji, na kuelekea mwisho anamvika vazi la jadi la Kigikuyu. Kama vazi lingekuwa ishara tu, ishara hizi zingegongana: moja ya usasa, nyingine ya kazi, nyingine ya asili. Hazigongani kwa sababu kinachoziunganisha ni uhusiano wa mvaaji na mwili wake mwenyewe, wala si maana ya kila nguo. Mabadiliko ya Wariinga hayapo katika alichovaa. Yapo katika kwamba sasa ndiye anayeamua kama nguo imemkaa.

Kwa mtazamo huo, maswali mapya yanafunguka kwa mtafiti. Ni wahusika gani katika riwaya na tamthilia za Kiswahili wanaoruhusiwa kuihisi nguo yao, na ni gani wanaovalishwa tu ili msomaji awatambue? Je, msimulizi anapomwelezea mwanamke kwa sketi yake na mwanamume kwa fikra zake, hajaugawa ushahidi wa mwili kwa mafungu yasiyo ya haki?

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tofauti za watu katika raha ya vazi si jambo dogo lililo chini ya hadhi ya fikra. Zinaleta swali la nani aaminiwe panapohusika jambo ambalo mmoja tu anaweza kulijua. Historia ya Makongeni imetoa mavazi matatu yenye majibu matatu: sare isiyouliza, leso inayojibu kila inapoguswa, na mtumba unaompa asiye na kitu nafasi finyu ya kuuliza. Raha ya ngozi, ya mwendo na ya nafsi zimeonekana kuwa hazipatani daima, na mazoea yameonekana kueleza mengi bila kufuta ushahidi wa anayehisi.

Yapo ambayo hayajatatuliwa. Kuna wanaosema uongo kuhusu adha yao, na kuna shughuli zisizoweza kuendeshwa ikiwa kila mtu atapimwa peke yake. Lakini hasara ya kumwamini mwongo mmoja aliyetaka kuvua sweta ni ndogo, ilhali hasara ya kuwafundisha watoto kwamba wasiseme wanachokihisi, kwa kuwa wenzao hawakihisi, ni kubwa na hudumu. Mtoto aliyezoezwa kuukana mwili wake katika jambo la sweta atakuwa na maneno machache atakapotendewa jambo zito zaidi kuliko sweta.